Kilichokuwa Tumboni mwa Fisi

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu nyuma ya vilima vya mawe ukitoka Butiama, kila fisi alikuwa na mwenyewe. Swala ni wa porini, nyani ni wa porini, hata chui ni wa porini, lakini fisi ana mtu aliyemfuga, anayempanda kwenda kwenye shughuli zake na kumrudisha kabla hakujapambazuka. Jambo hili halikujadiliwa. Tulilijua kama tulivyojua kwamba ng'ombe ana pembe. Fisi akilia upande wa kwa fulani, kesho yake watu walimsalimia huyo fulani kwa sauti ya chini kidogo kuliko ya jana.

Leo nimepita miaka hamsini, nimefundisha baiolojia karibu maisha yangu yote, na naweza kukutajia meno ya fisi moja moja. Ujuzi huo haunisaidii kitu ninapoikumbuka siku ile. Bado nina hasira, na nisingependa msomaji aniambie nitulie.

Niliishi na Bibi Nyangeta, mama yake baba. Baba alikuwa amefariki, na mama alikuwa ameolewa tena Bunda. Bibi alikuwa mchoyo wa maneno na mwepesi wa kiganja, ila chakula kikipungua alisema ameshiba. Ilikuwa ile miaka ya shida ambayo watu wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Sabuni hakuna, tukifulia majani ya mpapai. Mwalimu anaandika ubaoni kwa kipande cha muhogo mkavu. Na shida iliyozidi zote ilikuwa nguo. Duka la kijiji lilipopata mgao wa kanga zilikuja doti sita, kila moja na rangi yake, kwa kijiji kizima, tena majina yakachanganywa kwenye kofia ya mwenyekiti. Bibi akapata ya njano yenye maua meusi. Hapakuwa na nyingine kama hiyo, na kila mwanamke wa kijiji aliikariri. Wapo waliompongeza. Wapo waliouliza jina la kizee lingechomozaje kofiani peke yake.

Wiki chache baadaye nilivunja ungo. Nilikuwa darasa la sita, na sikujua kinachonipata. Nilichojua kinachotoa damu ni kichocho, maana hicho tulifundishwa vizuri mpaka wimbo tukatunga, basi nikaamini nimeokota kichocho mtoni na nitakufa kabla ya mitihani. Bibi alinikuta nalia nyuma ya nyumba. Hakunieleza kitu. Aliingia ndani, akaitoa ile kanga, akaing'ata pembeni na kuchana kipande kirefu. Moyo uliniuma kuliko tumbo.

"Bibi, matambara hayapo?" nilimuuliza.

"Matambara si ndiyo tumeyavaa," alinijibu.

Kisha akanishika kidevu. "Hii ya kwanza haifuliwagi. Kesho unaizika mwenyewe, kule zizini, chini kabisa kwenye samadi. Asione mtu. Mnyama akiila, damu itaingia humu nyumbani na haitatoka."

Niliitikia. Lakini asubuhi baba mdogo, aliyetutembelea siku ile tu, alikuwa zizini anakamua, na mimi nilikuwa nimechelewa, na kuchelewa shuleni kulikuwa viboko sita. Nilikizungushia majani kile kipande, nikakibana chini ya jiwe kwenye njia ya shule, nikajiambia nitakipitia jioni. Jioni nilikuwa na wenzangu, nikaona haya kusimama. Kesho yake pia. Ni mara ngapi nimeirudia njia ile kichwani na kujisimamisha pale kwenye jiwe, sina hesabu.

Alfajiri ya siku ya tatu tulisikia yowe kutoka kwa jirani yetu Magesa. Mtoto wake wa mwisho, wa miaka mitatu, alikuwa ametoka kumfuata mama yake zizini, fisi akamshika usoni. Mama alimng'ang'ania miguu. Walivutana naye, mama huku, fisi huku, mpaka wanaume walipofika na mikuki, na mnyama alipomwachia alikuwa ameondoka na shavu na taya. Nilimwona yule mtoto. Alikuwa bado anapumua, na pumzi ilikuwa ikitoka mahali pasipo pake. Gari la zahanati lilikuwa halina mafuta tangu mwezi uliopita. Magesa akamfunga mgongoni, akapanda baiskeli kuelekea Musoma, na kabla hajafika barabara kubwa akarudi anaisukuma kwa miguu. Hakuna aliyemuuliza.

Wanaume walimfuata fisi kwenye mawe, wakamkuta, wakamchoma mikuki mpaka mipini ikakatika. Waliporudi wanamburuta, wazee walikuwa tayari wamekusanya kuni. Fisi wa namna hiyo alikuwa anachomwa mzima, na ngozi yake na makucha yake, bila kuguswa na kisu.

Hapo ndipo Mwalimu Mafuru alipojitokeza.

Alikuwa kijana, ndiyo kwanza atoke chuoni, na naomba nimtendee haki: hajapata kunifundisha mwalimu bora kuliko yeye. Wengine walitukaririsha, yeye alituonyesha. Alituletea moyo wa mbuzi, akautia maji upande mmoja tukaona yanatokea wapi. Aliendesha baiskeli mpaka Kiriba kutafuta kamongo mzima, ili tuone kwa macho yetu samaki mwenye mapafu. Sura moja tu ya kitabu aliiruka, ile ya uzazi wa binadamu. Alitwambia hiyo tutaisoma wenyewe nyumbani, na kitabu kilikuwa kimoja shule nzima, chake.

"Fisi hapasuliwagi, mwalimu," mzee mmoja alimwonya.

"Mzee wangu, shikamoo. Nipeni saa moja tu. Watoto wamwone ndani, wajue ni mnyama kama wengine. Nikimaliza mtamchoma."

Wazee walimgeukia Magesa. Fulana yake ilikuwa imekauka damu kifuani.

"Mpasue," alisema. "Na mimi nataka kuona."

Fisi akaburutwa mpaka uwanja wa shule, akalazwa chali juu ya mabati mawili. Darasa la sita tulikaa mbele, la saba nyuma yetu, na watu wazima wakasimama kuzunguka. Mwalimu alikunja mikono ya shati. Alianza na meno, akatuonyesha gego linalovunja mfupa. Akatuonyesha chuchu. "Mnaambiwaga fisi ni dume na jike kwa pamoja. Huyu ni jike, ana watoto, ananyonyesha. Alikuwa anatafuta chakula." Akapasua kuanzia kidevuni. Harufu ilitupiga, wadogo wakakimbia. Akatoa mapafu, akatoa moyo, akautaja kila mrija, nasi tukaitikia kwa pamoja kama siku zote. Akafika kwenye mfuko wa uzazi. Ncha ya kisu ikausogeza pembeni.

"Hii tuiache," alisema.

Akapasua tumbo. Ilitoka mifupa iliyosagika, kwato za mbuzi, nywele, na kitu ambacho sitakiandika kwa heshima ya mama yake yule mtoto. Baba yake alikiona. Na chini ya hivyo vyote kulikuwa na kitu kilichoviringana. Mwalimu alikivuta kwa kijiti, akakimwagia maji ya ndoo, akakikunjua.

Kilikuwa cha njano, na ua moja jeusi lilikuwa bado zima.

"Mnaona?" Mwalimu alikuwa anatabasamu. Nakumbuka tabasamu lile, maana lilikuwa safi kabisa. "Mfupa anakula, kwato anakula, mpaka nguo anakula! Hili ni tumbo tu, jamani. Hakuna uchawi humu."

Msichana mmoja nyuma yangu akasema, bila ubaya wowote, kama anavyojibu swali darasani: "Ni kanga ya bibi yake Wegesa."

Wegesa ni mimi.

Sikusikia mtu akipiga kelele. Niliona tu miguu ya watu wazima ikigeuka, yote, kuelekea upande wa kwetu. Kwa akili yao mambo yalikuwa yamekamilika. Mwenye fisi humfunga nguo yake ili mnyama amtambue, na fisi akiwa na njaa huila. Mwalimu alikuwa amewatafutia ushahidi kwa kisu chake mwenyewe, akauosha, akauinua juu wauone vizuri. Alibaki ameshika kijiti, akisema, "Ngojeni, ngojeni kwanza."

Nilikimbia. Nilikuwa mwepesi, lakini vijana waliomaliza shule majuzi walikuwa wepesi zaidi, na nilipofika uani walikuwa wamekwishamtoa Bibi ndani kwa kumvuta mguu. Alikuwa akipepeta ulezi. Ulezi ulikuwa umetapakaa kuanzia mlangoni mpaka alipolala. Mmoja alimpiga rungu begani, nikasikia mfupa. Mwingine alimpiga teke la mbavu, kijana ambaye Bibi ndiye aliyemzalisha mama yake. Kila mmoja alitaka naye awe amegusa.

"Kanga iko wapi?" Magesa aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, na panga lilikuwa mkononi.

Wakaitoa ndani. Pembe moja haikuwepo. Magesa akapiga magoti, akaiweka kanga chini, akakiweka kile kipande pembeni yake, mchano kwa mchano. Vikalingana.

"Mama," alisema, na hata wakati ule alimwita mama, "mwanangu alikukosea nini?"

Bibi alikuwa ananitazama mimi.

Nikapiga kelele. "Ni yangu! Nguo ni yangu mimi!"

"Yako kivipi?"

Na hapo sikuwa na neno. Nataka hili lieleweke, maana ndilo lililonifanya niwe nilivyo. Nilijua jina la kila mrija unaotoka kwenye moyo. Nilijua kichocho kinavyoingia na kinavyotoka. Kwa kilichonipata mimi mwenyewe sikuwa nimepewa hata neno moja.

"Nilikuwa natoka damu," nilisema. "Huku chini. Bibi akanichania. Mimi ndiye sikuizika."

Wanaume waliangalia chini, wengine walirudi nyuma hatua mbili. Magesa akashusha panga, na kwa dakika moja nilidhani nimemwokoa. Alimtafuta mwalimu kwa macho, naye alikuwa amefika, anahema, mikono yake ina damu ya fisi mpaka kwenye viwiko.

"Mwalimu, wewe ndiye umesoma. Mtoto huyu anaweza kuwa anasema kweli?"

Mwalimu Mafuru aliniangalia. Alijua. Niliona usoni kwamba ameshaelewa yote, jiwe na njia na kipande cha nguo, kana kwamba alikuwepo. Ilikuwa aseme sentensi moja. Aliwaangalia wazee, wakwe za watu wamesimama pale, watoto, wanawake ukutani.

"Mambo ya wanawake hayo," alisema. "Mimi sifahamu."

Ndipo yule mzee aliyemwonya asubuhi akaongea, taratibu, kama mtu anayepiga hesabu rahisi. "Kama ni damu yake, na fisi aliila, basi fisi alikuwa wa kwake huyu binti. Alimwita mwenyewe."

Macho yote yakanihamia. Magesa akageuka, na panga likageuka naye. Sikuelewa bado. Bibi alielewa mara moja. Alijiinua kwa mkono uliokuwa mzima, akakaa, akapangusa mdomo.

"Mnasikilizaga watoto?" alisema, kwa ile sauti yake ya kunikemea nikiunguza uji. "Huyu ni mwongo. Hajavunja ungo huyu, mwangalieni alivyo, kitoto. Kanga nilichana mwenyewe."

"Bibi!"

"Nyamaza! Fisi ni wangu."

Nililia, nikasema si kweli, nikamrukia Magesa kiunoni. Mwanamke mmoja alinishika kwa nyuma, akanifunika uso kwa mikono yake, na kupitia vidole vyake niliona panga likishuka mara ya kwanza, kwenye mkono aliouinua. Baada ya hapo nilisikia tu. Halikuwa jambo la haraka. Watu wakisimulia mauaji husema yalitokea ghafla, lakini mimi nilikuwepo, na yalichukua muda, na kati ya pigo na pigo palikuwa na nafasi ya mtu kusema basi. Mwalimu alikuwa amesimama hapo hapo.

Walipochoka waliondoka wenyewe. Bibi hakufa siku ile. Wanawake waliokuwa wamesimama ukutani walikuja na maji ya moto na chumvi, wakamfunga mkono kwa ile kanga ya njano, maana hapakuwa na nguo nyingine ndani ya nyumba. Aliishi siku mbili.

Magesa na vijana watatu walikamatwa wakarudi. Hakupatikana shahidi. Nami niliulizwa, nikasema sikuona, nimefunikwa uso. Ilikuwa kweli nusu. Mama alinichukua Bunda, nikamalizia darasa la saba huko, nikafaulu, na mtihani wa sayansi nilipata zote.

Miaka ikafunguka. Soko huria likaja, mitumba ikamwagwa kila mnada, na maduka ya Musoma yakaning'iniza kanga mpaka nje mlangoni, chagua rangi unayotaka. Nilikuwa nimeanza kufundisha sekondari siku niliyokwenda soko la Mwigobero kununua dagaa, nikasikia naitwa. Mwalimu Mafuru alikuwa kasimama nyuma ya rundo la mitumba. Alikuwa ameacha ualimu, kama walivyoacha wengi, mshahara haukutosha nauli. Alikuwa na mvi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Wegesa." Alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Nasikia unafundisha. Somo gani?"

"Baiolojia."

"Yote?"

"Yote," nilimwambia. "Ile uliyoiruka naanza nayo."

Aliinama. Nilikuwa nimelibeba neno lile miaka mingi nikisubiri nimkute, na nilipolisema halikunipa raha yoyote. Nilimwona mtu aliyekuwa jasiri mbele ya fisi na mwoga mbele ya wakwe, kama wanaume wengi ninaowafahamu, na wanawake pia. Alitaka kunipa blauzi bure. Sikuichukua.

Kweli naanza nayo. Kidato cha kwanza, wiki ya kwanza, wavulana na wasichana pamoja, milango wazi. Wanacheka, nawaacha wacheke mpaka waishiwe. Wazazi wamekuja kunisema kwa mkuu wa shule zaidi ya mara moja. Hedhi, nasema, semeni nyote kwa sauti, hedhi. Mtoto wangu darasani anaweza asikumbuke kitu kingine chochote nilichomfundisha, ila hatakosa neno siku akiulizwa.

Lakini kuna kitu ambacho sikumwambia Mwalimu Mafuru, wala darasa lolote.

Siku ya pili, mchana, Bibi alifungua macho, akanikuta nimekaa sakafuni pembeni ya kitanda. Nilikuwa sijala. Nilimwambia nilivyoficha ile nguo chini ya jiwe, kwamba nilichelewa, kwamba niliona haya, kwamba aliniambia damu itaingia nyumbani nami sikusikia na sasa imeingia. Nilimwomba anisamehe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kilikuwa kitambaa tu, mwanangu," alisema. "Fisi ni mnyama tu. Mwalimu wenu alisema kweli."

Sasa, mimi namfahamu Bibi. Alizaliwa na imani ile, aliilea, hakuwahi kuitilia shaka siku moja ya maisha yake. Kwake yeye sharti lilivunjwa na adhabu ikaja, hesabu ilikuwa wazi. Pale kitandani alikuwa na nguvu za maneno machache tu, na angeweza kuyatumia kwa sala, au kwa kumlaani Magesa. Aliyatumia kunitua mzigo.

Nimesoma vya kutosha kujua kwamba alichosema kilikuwa kweli, neno kwa neno. Yeye alikufa akidhani ananidanganya.